Kusoma karata za mpinzani kwenye meza ndogo za poka

Nazungumzia Texas Hold'em, poka ambayo kila mchezaji hushika karata mbili za siri na karata tano za wote hufunuliwa mezani. Ni ile ya kukaa mezani, si ya mtandaoni, yenye dau za lazima dola 1 na 2 kabla ya karata kugawiwa, kama inavyochezwa kwenye kasino za Las Vegas. Anayeanza hutaka kuzijua karata mbili kamili alizoshika mwenzake. Haiwezekani. Tengeneza kichwani orodha ya karata anazoweza kuwa nazo, kisha ifute kidogo kidogo kila anapoweka pesa.

Hatua ya 1: Mjue mtu mapema

Nusu saa ya kwanza natupa karata nyingi, ila macho hayabanduki mezani. Nani anafuata kila dau, yaani anaweka kiasi kile kile bila kupandisha? Nani hapandishi kabisa? Karata zikifunuliwa mwishoni narudi nyuma: alizichezaje tangu mwanzo? Wenzangu wengi muda huo wako kwenye simu, na hapo ndipo wanapopoteza.

Hatua ya 2: Anza na orodha pana

Mzee wa kiti cha mwisho hajapandisha dau kwa saa mbili. Nina ree (A) na K, napandisha hadi dola 12, anafuata yeye tu. Jozi ya ree au ya K nazifuta, kwa kuwa hizo hata yeye angepandisha. Zinabaki jozi za kati, kopa kwa kopa na za aina hiyo, na ree yenye mwenzake mdogo.

Karata tatu za kwanza mezani: ree ya shupaza, 8 ya kopa, 5 ya kopa. Naweka 15, anafuata. Karata ya nne, 2 ya uru. Naweka 35, anafuata tena. Jozi ya 6 au ya 7 ingekuwa imeshaikimbia ile ree. Ya tano ni 9 ya kopa. Naweka 60, naye anapandisha hadi 160.

Hatua ya 3: Hesabu njia

Hapa usiharakishe. Njia ni idadi ya namna karata mbili fulani zinavyoweza kupatikana. Ree na Q hupatikana kwa njia 16, lakini ree moja ninayo na nyingine iko mezani, hivyo zinabaki 8. Je, mtu asiyepandisha atapandisha na ree na Q huku kopa tatu zikimtazama? Hapana, zote 8 nazifuta. Jozi ya 8 ina njia 3, jozi ya 5 njia 3, na zote mbili sasa ni tatu za namba moja. Juu yake weka kopa kwa kopa, ambazo pamoja na tatu za mezani zinatimiza kopa tano, na ni nyingi zaidi. Zote zinaipiga jozi yangu ya ree. Natakiwa kuongeza 100 nishindanie dola 347 zilizokwisha wekwa, ukiacha anachokata kasino, kwa hiyo lazima nishinde kama mara 22 katika 100. Sioni hata mara 5. Nikatupa. Hakufunua, nami sikumuuliza.

Hatua ya 4: Mwili uje mwisho

Mkono ukitetemeka wakati wa kusukuma kete, wageni hudhani ni woga. Mara nyingi ni mtu aliyeshika karata nzito. Hata hivyo, dau lenyewe naliamini kuliko uso.

Hatua ya 5: Andika

Nikienda chooni naandika kwenye simu: "Mzee, kiti cha 9, hapandishi, kapandisha karata ya mwisho, mara 1." Nikikutana naye tena, orodha yangu inaanza ikiwa fupi.