Kujipima VVU nyumbani: ninavyowaelekeza watu wangu wa mwaloni

Mimi ni mhudumu wa afya ngazi ya jamii hapa Mwanza, na wengi ninaowafuata ni wavuvi wa dagaa wa mwaloni, pale mitumbwi inapoegesha na samaki kushushwa. Usiku wako ziwani. Asubuhi zahanati inapofunguliwa, wao ndio wanaenda kulala. Hata aliye macho hataki kuonekana kwenye lile benchi la kusubiri kupimwa. Kwa hiyo tangu Bunge liliporekebisha sheria mwaka 2019 na kuruhusu mtu kujipima, wanaokataa nikiwaambia "twende kituoni" hupokea kipimo cha mate bila ubishi. Wanachohitaji ni maelekezo.

Kabla ya kupima, kaa dakika 15 bila kula wala kunywa. Kama umepiga mswaki, subiri nusu saa.

Fungua kichupa kwanza, taratibu, na ukisimamishe kwenye kishikio chake. Maji yaliyomo hayanywewi wala hayamwagwi. Ndipo utoe kijiti, bila kugusa ile ncha bapa. Ipitishe mara moja kwenye ufizi wote wa juu, kisha mara moja kwenye ufizi wa chini. Ufizi, si ulimi wala shavu. Tumbukiza ncha kichupani, tazama saa.

Kidirisha cha kijiti, chenye herufi C na T, kitaanza kuwa chekundu, na hapo wengi hushtuka. Tulia, rangi hiyo hufifia. Soma kuanzia dakika ya 20, isipite ya 40, penye mwanga wa kutosha. Mstari mmoja kwenye C: hakuna kilichoonekana. Mistari miwili, C na T, hata wa T uwe hafifu kiasi cha kukaza macho: nenda kituoni ukapimwe tena kwa damu, maana kipimo hiki peke yake hakitoi jibu la mwisho. C ikiwa tupu, kipimo kimeharibika.

Watu wa mwaloni huniuliza: kama mate yanaonyesha, basi busu linaambukiza? Hapana. Kipimo kinatafuta kingamwili ambazo mwili umezitengeneza, hakitafuti kirusi. Zinachukua muda kujitokeza, hivyo aliyejiweka hatarini ndani ya miezi mitatu iliyopita arudie baadaye. Anayetumia ARV asijipime, kinaweza kumdanganya.

Akina mama wanaotoka kliniki ya wajawazito na kipimo cha mume nawaambia: usimpe mbele ya watu, wala siku mliyogombana. Mwambie, "Baba fulani, mimi nimeshapima, hiki ni chako." Akinyamaza, kiache kabatini. Hakuna anayeruhusiwa kumlazimisha mwenzake, na nimeona wanaume waliokataa kwa maneno wakapima wenyewe wakati mke yuko sokoni.

Jibu likikutisha, usikae nalo peke yako. Mpigie mhudumu wa mtaa wako akusindikize. Mimi huwa naacha namba yangu kwenye kila kipimo ninachotoa. Ikithibitishwa, dawa ni bure, na ukizitumia vizuri hadi virusi visionekane kwenye damu, humwambukizi mwenzi wako kwa kujamiiana.

Na kama kondomu imepasuka jana usiku, usihangaike na kijiti. Wahi kituoni ndani ya saa 72 uombe PEP, dawa ya kuzuia maambukizi. Kila saa inayopita inapunguza nguvu yake.