Namna ya Kukabidhi Kompyuta Chakavu za Ofisi ya Umma Bila Kupoteza Madini Yake

Kompyuta iliyosukumwa nyuma ya stoo ya halmashauri kwa kuwa ni mbovu bado ina dhahabu kwenye meno ya mbao zake za saketi, tantalamu na paladiamu katika vijenzi vidogo vilivyolehemewa juu yake na, ikiwa ni kompyuta mpakato, huenda ina kobalti ndani ya betri. Kobalti hiyo yawezekana ilichimbwa Kolwezi, nchini Kongo, kwa wenzetu wanaozungumza Kiswahili, nayo si haki kuirudisha ardhini kupitia dampo. Mwongozo huu unawahusu maafisa ugavi na watunza stoo, maana madini hayo huweza kupotea mikononi mwetu kabla hayajafika kwenye mtambo wowote.

Anza na orodha kabla mtu hajashika bisibisi. Andika aina ya kifaa, namba ya mali na uzito wake, kisha omba kibali cha kufuta mali, yaani kuiondoa kwenye daftari la mali, na kifaa kisifunguliwe wakati kibali kinasubiriwa. Katika ofisi moja niliyowahi kuhudumu, siku ya makabidhiano tulikuta kompyuta nyingi zimeng'olewa prosesa na vijenzi vya kumbukumbu (RAM), zimebaki mabati na plastiki ambayo mpokeaji aliona hata nauli hairudishi. Kama tungekuwa tumezipima, tungejua mapema.

Diski, inayohifadhi taarifa za kompyuta, inahitaji uangalifu kuliko kitu kingine. Ukiifungua utaona, pembeni ya sahani zinazong'aa kama kioo, sumaku nyembamba iliyopinda kama mwezi mwandamo. Humo ndimo ilimo neodimiamu, madini yanayoipa sumaku hiyo nguvu. Ofisi nyingi hupenda kuziponda diski kwa nyundo ili kulinda siri za serikali, lakini sumaku ikisagwa pamoja na diski, vipande vyake hung'ang'ania chuma na kuyeyushwa nacho, na neodimiamu haipatikani tena. Futa taarifa kwa programu inayoandika upya diski nzima, tunza ripoti yake, na pale ambapo ni lazima diski iharibiwe, dai sumaku itolewe kwanza mbele ya mkaguzi wa ndani.

Betri zinazochomoka kwa kitasa zitoe, ziba ncha zake kwa utepe, uzisafirishe peke yake. Iliyovimba usiibonyeze wala kuitoboa. Iweke kwenye ndoo ya chuma yenye mchanga mkavu, mbali na jengo.

Sasa chagua mpokeaji. Tanzania ina kanuni za taka za vifaa vya umeme na elektroniki tangu mwaka 2021, hivyo dai kibali cha NEMC, baraza la taifa la mazingira, na ukisome mwenyewe. Anayetoa bei ya juu mnadani si lazima awe ndiye anayefaa: anayechoma nyaya apate shaba, au kuloweka mbao katika tindikali apate dhahabu, huacha madini mengine yote na sumu juu yake. Muulize mbao za saketi anazipeleka wapi. Akijibu kuwa huzisafirisha nje ya nchi kwa wayeyushaji, omba kuona ridhaa ya nchi inayopokea, kwani tangu tarehe 1 Januari 2025 Mkataba wa Basel, ule wa kimataifa unaosimamia usafirishaji wa taka za hatari kati ya nchi, unaitaka ridhaa hiyo kwa taka zote za kielektroniki.

Usikate tamaa ukiwa na kompyuta 20 tu. Ungana na shule, vituo vya afya na halmashauri jirani mpaka mzigo utoshe gari. Japani ilifanya hivyo kwa kuzishirikisha serikali zake za mitaa, na kati ya Aprili 2017 na Machi 2019 ikakusanya simu zaidi ya milioni 6 pamoja na vifaa vingine vidogo, ikapata takriban kilo 32 za dhahabu na kilo 3,500 za fedha kwa ajili ya medali za Olimpiki ya Tokyo.

Siku mzigo unapoondoka, upimwe tena mbele ya pande zote mbili, na hati ya makabidhiano isisainiwe hadi uzito ulingane na ule ulioandikwa mwanzoni katika orodha.