Umefungiwa kwa bangi au unga? Namna ya kuomba kurudi uwanjani ukiwa Dodoma

Barua ya majibu ya vipimo na kufungiwa ikifika, usiifiche. Kijana mmoja niliyemfundisha tangu akicheza peku Chang'ombe aliiweka yake chini ya godoro siku 9, kwa kumwogopa baba yake. Aliponiletea ilikuwa imekunjwa mara nne, na tarehe ya mwisho ya kuomba sampuli B, yaani chupa ya pili ya mkojo wake, ifunguliwe ipimwe ilikuwa imepita juzi yake. Ukishapitisha tarehe hiyo unahesabiwa umekubali majibu ya sampuli A, ile chupa ya kwanza. Iliniuma sana, maana kijana alikuwa na mengi ya kueleza.

Kwa hiyo jambo la kwanza ni kusoma. Tafuta tarehe ya barua, siku ulizopewa kujibu, jina la taasisi iliyokufungia, na jina la dawa iliyoonekana. Kama ni Kiingereza kigumu, mpe katibu wa klabu au mwalimu unayemwamini akusomee siku hiyohiyo. Jina la dawa lina uzito mkubwa. Tangu 2021, kanuni za WADA, shirika la dunia la kupambana na dawa zilizokatazwa michezoni, ambazo FIFA inazifuata, zimetenga dawa nne za kulevya: bangi, kokeini, heroini na ekstasi. Hizo zina njia yake, tofauti na sindano za kuongeza misuli.

Kisha andika maelezo, na hapa usiwe na haraka. Mechi inahesabiwa imeanza saa 5:59 usiku wa kuamkia siku ya mchezo. Ukithibitisha kwamba ulitumia nje ya muda huo, na kwamba haikuhusiana na kuongeza uwezo uwanjani, adhabu ni miezi 3. Ikiwa ulitumia ndani ya muda wa mechi, hata kama hukutaka kuongeza nguvu, hesabu inaanzia miaka 2. Unaona tofauti ilivyo. Mzigo wa kuthibitisha ni wako, hivyo andika siku, saa, mahali na uliokuwa nao, uambatanishe ratiba ya mechi na maelezo ya mashahidi yaliyosainiwa. Anayevuta bangi mara kwa mara anaweza kukutwa nayo kwenye mkojo wiki kadhaa baadaye, kwa hiyo kukutwa siku ya mechi si lazima iwe ulivuta siku hiyo. Lakini usitunge. Uongo mmoja ukigundulika, hata ukweli wako hautasikilizwa.

Hatua ya tatu ndiyo wengi hawaijui: ile miezi 3 inaweza kushuka hadi mwezi 1 ukikamilisha programu ya tiba ya uraibu. Sharti ni kwamba programu iridhiwe na taasisi inayosimamia kesi yako. Waandikie kabla ya kuanza, uwatajie unakotaka kutibiwa, na usubiri jibu la maandishi. Hapa Dodoma tuna Hospitali ya Taifa ya Afya ya Akili Mirembe. Najua jina hilo linavyotaniwa vijiweni, ila mdogo wangu, ni hospitali kama nyingine. Ukikosa pa kuanzia, piga 119 bure, namba ya Mamlaka ya Kudhibiti na Kupambana na Dawa za Kulevya.

Kwa aliyekuwa kwenye unga kuna mtego hapa. Methadoni inayotolewa kama tiba nayo imekatazwa wakati wa mechi. Usiiache bila daktari. Mwombe akusaidie kupata kibali cha kutumia dawa kwa matibabu kabla hujarudi kucheza.

Ukiwa kifungoni, usicheze ndondo iliyo chini ya chama cha mpira cha wilaya wala usifanye mazoezi na timu. Ukikamatwa, unaongezewa kifungo kipya sawa na kile cha kwanza. Kukimbia peke yako hadi mlima Mlimwa alfajiri hakukatazwi. Kurudi mazoezini na klabu kunaruhusiwa katika robo ya mwisho ya adhabu, au miezi 2 ya mwisho, kutegemea ipi ni fupi. Kwa miezi 3 hiyo ni kama wiki tatu. Siku ulizosimamishwa kwa muda kabla ya hukumu, kama uliziheshimu, zinakatwa, hakikisha zimehesabiwa.

Zungumza na klabu mapema, kwa sababu mkataba ni kesi nyingine. Mshambuliaji Adrian Mutu alifungiwa miezi 7 kwa kokeini mwaka 2004, Chelsea wakamfukuza, na baadaye akaamriwa kuwalipa zaidi ya euro milioni 17.

Wiki mbili kabla ya kifungo kuisha, iandikie taasisi iliyokufungia ikuthibitishie tarehe ya mwisho. Peleka nakala klabuni na TFF, shirikisho la mpira nchini, uulize kama leseni yako bado iko hai, na nakala yako igongwe muhuri wa kupokelewa. Wapimaji wanaweza kukufuata wakati wowote, hata ukiwa bado umefungiwa, kwa hiyo wasikukose kwenye simu uliyowapa.