Somo: Kupima kijito kabla ya kukisafisha (wanafunzi 30, nusu siku)

Ziara nyingi za usafi huishia kuwa kufagia nje ya uzio wa shule: taka zinaokotwa, picha zinapigwa, watu wanarudi. Ili kazi iwe somo, pawe na swali linalojibiwa kwa vipimo na mtu anayelisubiri jibu. Mfano: uchafu unaingilia wapi kijitoni? Anayesubiri awe kamati ya maji au wakazi wanaokitumia kijito hicho. Waulize mapema. Wakisema kinachowasumbua ni ukingo kumomonyoka, badilisha swali.

Wiki 2 kabla. Nenda mwenyewe, saa ileile mtakayokwenda na darasa. Tafuta kipande cha mita 10 kilichonyooka, kina kisivuke magoti ya mwanafunzi aliye mfupi kuliko wote. Palipo na kichocho, asiingie mtu majini, kwa sababu vimelea vyake hupenya ngozi. Fanyeni kazi ya taka ukingoni tu. Chukua ridhaa ya wazazi kwa maandishi.

Makundi ya watu 5. Mpimaji, mshika saa, mwandishi, mshika wavu, na mmoja ambaye kazi yake ni kuangalia wenzake na maji, basi. Kila kundi libebe tepu, rula ya mita 1, chupa ndogo ya plastiki iliyojazwa maji nusu, wavu wa matundu madogo, besheni nyeupe, glavu nene na penseli. Kalamu ya wino iacheni: karatasi ikilowa, data imekwenda.

Pimeni kwanza, safisheni baadaye. Hapa ndipo wengi wanapokosea. Mkianza kuokota taka mnatibua tope, wadudu wanasombwa, na vipimo vyote vinaharibika. Kwa sababu hiyohiyo, kundi la chini ya mkondo lianze, la juu limalizie.

Kasi: achilia chupa hatua chache juu ya mstari wa kuanzia ili ishike mwendo, kisha hesabu sekunde hadi mwisho wa mita 10. Rudia mara 5, chukua wastani. Maji ya juu hukimbia kuliko ya chini, hivyo zidisha kwa 0.85. Tuseme sekunde ni 25: 10 ÷ 25 = 0.4, mara 0.85 ni mita 0.34 kwa sekunde. Upana mita 2 na wastani wa kina mita 0.3 vinatoa eneo la mita za mraba 0.6. Zidisha na kasi: mita za ujazo 0.204, yaani lita 204 kila sekunde. Mwache mwanafunzi aikokotoe palepale, maji yakipita mbele yake.

Wadudu: mshika wavu auweke chini ya mkondo, mwenzake avuruge changarawe kwa buti dakika 1. Mwaga kwenye besheni, tulia. Wadudu wachanga wenye mikia mitatu na matamvua (viungo vya kupumulia majini) ubavuni mwa tumbo huashiria maji yenye oksijeni ya kutosha. Mkipata lava (wadudu wachanga wanaofanana na minyoo) wekundu tupu wanaojinyonganyonga, shuku uchafu. Wekundu huo ni himoglobini, protini ya damu inayobeba oksijeni, inayowawezesha kuishi oksijeni ikiwa haba. Warudisheni majini.

Taka. Gawanya kwa aina, pima kila gunia kwa mizani ya kuning'iniza, andika mahali lilipojazwa. Sindano mwanafunzi haigusi: mtu mzima aichukue kwa koleo, aitie kwenye chombo kigumu chenye kifuniko.

Siku hiyohiyo, kabla uchovu haujafuta kumbukumbu, kila mmoja aandike: nimeona nini, kina maana gani, nani afanye nini. Wanafunzi wenyewe wawapelekee wakazi ukurasa 1 wenye ramani na namba.

MASWALI

Makundi yetu yamepata kasi tofauti kabisa. Nichague ipi?
Usichague. Angalieni kwanza kama kuna chupa iliyogusa majani au ukingo. Jaribio hilo lifutwe na sababu iandikwe. Tofauti iliyobaki ni mada nzuri ya hesabu.

Shuleni kwetu usafi wa mtaa ni adhabu ya wachelewaji. Niwatumie haohao?
Hapana. Darasa zima liende au msiende. Mwanafunzi aliyepelekwa kama mkosaji atatafuta njia ya kumaliza haraka, na wenzake watajifunza kwamba kuhudumia watu ni aibu.

Nina wanafunzi 60 na mwalimu mwenzangu mmoja.
Wagawe siku mbili, na hata hivyo tafuta watu wazima zaidi. Karibu na maji, mtu mzima 1 kwa wanafunzi 8 si anasa. Wahesabuni wakati wa kutoka, kila mnapohama na kabla ya kurudi.

Mvua ikinyesha juu mlimani ila kwetu kukavu?
Ahirisha. Maji yakianza kubadilika rangi au kubeba vijiti mkiwa kazini, tokeni wote na muache vifaa.