Somo: Boksi la mboga la mabati, bati moja la mita 3 latoa boksi zima

Haya wadau, hii niliahidi kuiandika tangu kabla ya mwezi wa Ramadhani nikawa nasogeza siku, leo nimekaa chini. Wengi mwaniuliza mbona mboga hazishiki hapo uani, na jawabu langu ni lile lile kila mara, kisiwa chetu cha Mombasa na ukanda wote huu wa Nyali mpaka Shanzu umekaa juu ya jiwe la matumbawe, ukipiga jembe mara moja wasikia kwaa, na pale penye afadhali ni mchanga mtupu, maji ukimwaga yapita kama kwa chujio. Sasa kwa nini upigane na jiwe? Panda juu yake. Mwenye shaka aende Bamburi akaone Haller Park, pale palikuwa machimbo ya mawe ya kiwanda cha simiti, jiwe jeupe halina hata jani, kuanzia 1971 wakatia miche ya mivinje, majani yakaanguka, wakaletwa jongoo wakayasaga, na udongo ukapatikana juu ya jiwe. Udongo ni kitu cha kutengenezwa. Sisi hatungoji miaka yote hiyo, sisi twatia boksi.

KUNUNUA BATI

Hapa ndipo watu huharibikiwa kwa hivyo someni polepole. Geji ni namba ya unene wa bati, namba ikizidi kuwa kubwa bati lazidi kuwa jembamba, wengi hudhani kinyume. 32 ni laini mno, 30 ndo paa nyingi za mtaani, 28 ni nene zaidi. Mfuko ukiruhusu chukua 28, ukibana chukua 30, lakini 32 kwa kazi hii usiiguse hata ukipunguziwa bei. Boksi langu la kwanza nilinunua bati kwa duka moja nikaambiwa ni 30 nami nikaamini, masika ya mwezi wa tano ikanyesha siku tatu mfululizo, asubuhi ya nne natoka nje nakuta upande mrefu umevimba kama tumbo la mjamzito, skrubu mbili zimechomoka, udongo watoka kwa chini na mnavu wangu umelala kwa matope. Nilipeleka kipande kwa fundi mwenye kipimo cha unene akanambia hii si 30, hii ni 32. Iliniuma sana kwa sababu ile samadi nilibeba mwenyewe kwa mkono. Tangu hapo nasoma maandishi kabla ya kutoa pesa, mabati mengi ya kiwandani huwa yamepigwa chapa ya geji na urefu, kama bati halina chapa yoyote basi angalau nenda na fundi wako alishike.

Kuhusu ngozi yake, kuna la zinki tupu na kuna la aluzinki, yaani zinki iliyochanganywa na aluminiamu. Kwa hewa yetu hii ya chumvi aluzinki hudumu zaidi, hasa nyumba ikiwa karibu na ufuo. Ila aluzinki haipatani na simiti mbichi wala samadi mbichi inayonuka mpaka macho yakawasha, ile harufu kali yala ile ngozi. La rangi pia ni zuri na chagua rangi nyeupe au ya maziwa, nyeusi na maruni huvuta joto bure.

Kitu kingine, nunua lile la kawaida la migongo migongo, la mita 3. Sababu ni hesabu. Kata kwa upana ukiacha mita 2 upande mmoja na mita 1 upande wa pili, halafu kila kipande kipasue katikati kwa urefu. Umepata viwili vya mita 2 na viwili vya mita 1, vyote vina kimo cha sentimita 40 na kitu. Hilo ni boksi kamili, hakuna hata kipande cha kutupa. Ukinunua la mita 2.5 wabaki na kichwa hujui utakipeleka wapi.

VITU VINGINE

Nguzo sita, nne za kona na mbili za katikati ya zile pande ndefu. Waweza kutumia anglaini (chuma cha pembe) ukapiga redoksaidi, ile rangi nyekundu ya kuzuia kutu, au mbao ya mbili kwa mbili iliyotiwa dawa, au vipande vya mvinje uliokauka, hapa kwetu mvinje ndo rahisi. Urefu wa nguzo uwe sawa na kimo cha bati, hazizikwi chini, tushasema chini ni jiwe. Skrubu za mabati zenye washa ya mpira (kwa nguzo ya chuma chukua zile zinazojitoboa zenyewe), waya wa kufungia wenye zinki, mkebe mdogo wa rangi ya zinki (yaani yenye zinki ndani), paipu kuukuu ya kumwagilia kama mita 6, nailoni nzito, na glavu. Glavu si pambo. Bati lililokatwa lakata mtu bila kusikia, washtukia damu.

KUKATA

Tumia mkasi wa bati. Najua fundi atakuja na grainda kwa sababu ni haraka, lakini mwambie hapana, zile cheche huchoma zinki pembeni ya mkato na vile vichembe vya moto vikiganda juu ya bati kila kimoja chaota kutu chake, baada ya miezi bati laonekana lina ndui. Kwa mkasi fuata bonde moja usiruke mgongo. Ukimaliza, palipokatwa paka rangi ya zinki hapo hapo, usingoje kesho, maana kutu ya Mombasa huanzia ukingoni, katikati ya bati haina haraka.

KUUNGA

Chagua mahali kwanza. Boksi likijaa halisogei tena. Upande mrefu uende mashariki magharibi ili jua la saa kumi, lile la kuchoma ubavuni, lipige ule ubavu mfupi wa mita 1 badala ya ule wa mita 2.

Migongo ya bati ilale, isisimame. Hili nalirudia kwa kila mtu. Migongo ikilala bati lina nguvu ya kuzuia udongo kutoka nguzo hadi nguzo, ikisimama bati lajikunja kama karatasi hata kama ni geji nzuri. Ule ukingo wa kiwandani uwe juu, ule uliokata wewe uwe chini.

Laza upande wa mita 2 chini, nguzo mbili kwa ncha na moja katikati, piga skrubu kwenye bonde pale bati linapogusa nguzo, si juu ya mgongo. Kaza mpaka uone mpira wa washa umebonyea kidogo halafu simama, ukiendelea mpira wapasuka na maji yaingia. Fanya upande wa pili vivyo hivyo, visimamishe, unganisha na zile fupi. Kabla hujakaza zote pima kona kwa kona, kamba kutoka pembe hii hadi ile ya mkabala, kwa boksi la 2 kwa 1 ni kama mita 2 na sentimita 24, na zote mbili zilingane. Zisipolingana sukuma kona moja kidogo kidogo mpaka zilingane ndo ukaze.

Sasa waya. Pitisha waya mara mbili kutoka nguzo ya katikati upande huu hadi nguzo ya katikati upande ule, nusu ya kimo, tia kijiti katikati uzungushe mpaka ukaze kama kamba ya kitanda. Watu waona ni kazi bure kwa sababu ukijaza utafunikwa hauonekani tena, lakini huo udongo ukilowa uzito wake ni kama tani moja nao wasukuma kuta nje, na bila waya wasukuma bati peke yake. Boksi langu lile la kwanza hata kama bati lingekuwa 30 bado halikuwa na waya, hilo nalijua sasa.

Mwisho pasua paipu kwa wembe urefu wote uivalishe ukingo wa juu kuzunguka, mtoto akiegemea haumii.

KUJAZA

Nailoni ikae kwa kuta tu, chini usiweke chochote cha kuzuia maji. Kadibodi kuukuu chini kuzuia magugu, toa selotepu. Halafu hapa ndo mtu wa pwani ana bahati, makumbi ya nazi. Boksi hili labeba kama lita 800, yaani wilibaro 12 hivi, na udongo wa kununua pamoja na kusafirishiwa ndo utakaokula pesa kuliko bati lenyewe. Jaza theluthi ya chini kwa makumbi, uliyoyaloweka siku mbili tatu na kumwaga yale maji mekundu, upande wa manyoya uangalie juu yashike maji. Hapo ushaokoa wilibaro nne. Juu yake udongo mwekundu sehemu mbili, samadi iliyooza ya mbuzi au ng'ombe sehemu moja, na mboji sehemu moja. Samadi iliyooza ukiishika haina joto wala hainuki, yavunjika kama biskuti. Mchanga wa pwani usitie hata konzi moja, una chumvi. Mwagilia, acha wiki moja ushuke, jaza tena, ndo upande.

MASWALI YENU

*Mama mmoja wa Mishomoroni:* Mwanangu, na jua hili la mwezi wa pili, mizizi haitachemka humo ndani ya bati?

Shikamoo mama. Pembeni kabisa ndo pana joto, katikati udongo wenyewe wajilinda. Weka kadibodi kati ya bati na nailoni, usipande karibu na ukuta chini ya kiganja kimoja, na juu ya udongo tandaza nyasi kavu au majani ya mnazi yaliyokatwa katwa. Kaskazi ikikaza sukuma wiki ifunike na neti ya kivuli, bamia na kunde ziache, hizo ni za jua.

*Kutoka Likoni:* Bro, nimebomoa banda la zamani nina mabati ya bure, natumia?

Kama ni bati la zinki lina kutu ya juu juu tu, tumia, sugua upake. Kama lina rangi kuukuu inayobanduka usitumie kwa chakula, rangi za zamani nyingine zina risasi, hilo panda maua. Na angalia vizuri kama si zile paa za kijivu za asbestosi, zile usikate, usivunje, usitoboe, vumbi lake laua mapafu. Pia mapipa yaliyobeba dawa au oili msinambie mumeyaosha, hapana.

*Dada wa Tudor:* Naishi gorofa ya nne, juu kwa paa pako wazi, mwenye nyumba amekubali. Naweza kuweka mawili?

Dada yangu hapo nasimama. Sentimita 40 za udongo uliolowa ni kama kilo 600 au zaidi kwa kila mita moja ya mraba, na paa la kawaida halijengwi kubeba hivyo. Kukubali kwa mwenye nyumba si kukubali kwa slabu, bila injinia aliyeona michoro usiweke. Panda kwa ndoo na makopo ukiyapanga kandokando karibu na kuta, mchicha na dania zaridhika na sentimita 20 za udongo.

*Mdau wa Kisauni:* Zinki haiingii kwa mboga ikawa sumu?

Zinki ni chakula cha mmea kwa kiasi kidogo, na huyeyuka zaidi udongo ukiwa na asidi. Udongo wa huku kwetu kwenye matumbawe ni kinyume cha asidi, kwa hivyo zinki hutulia kwa bati. Na hiyo nailoni iko kati yao.

*Huyo huyo:* Na maji yangu ya kisima yana chumvi kidogo.

Onja. Ukiisikia chumvi kwa ulimi, mmea waisikia zaidi. Kinga maji ya mvua, na kama huna budi utumie ya kisima basi mwagilia kwa wingi mara chache mpaka yatoke chini, usinyunyize kidogo kidogo kila siku, hivyo ndo chumvi hujikusanya juu mpaka waona ukungu mweupe. Mchicha na mnazi huvumilia, maharagwe hayavumilii kabisa.

*Mzee wa Jomvu:* Majani ya sukuma ni manjano lakini mishipa kijani, nimetia jivu wapi.

Mzee wangu jivu liache. Jivu laongeza ule ule ukali wa chokaa ambao matumbawe yashatuletea, na udongo ukiwa hivyo mmea hauwezi kunyonya madini ya chuma hata kama yamo, ndo hayo majani unayoyaona. Toa vipande vyote vyeupe vya mawe vilivyoingia boksini, ongeza mboji kwa wingi, na majani mapya yatakuja tofauti, hayo ya manjano hayarudi.

*Mpangaji wa Magongo:* Nikihama?

Kwa kona tumia bolti na nati badala ya skrubu, toboa tundu mara moja, ukihama wafungua pande nne wazibeba kwa tuktuk. Udongo tia kwa magunia, usiuache, umeutolea jasho.

*Dada wa Tudor tena:* Sawa nimekuelewa, ntaanza na ndoo. Nipande nini kwanza?

Mchicha. Wiki ya nne ushakata wa kwanza, na ukate kwa kisu using'oe, utachipua tena.