Pima mkono kabla ya kuagiza visu vya kipepeo

Kabla ya kumwagiza mhunzi akutengenezee jozi ya visu vya kipepeo vya Kichina, vile vya Wing Chun (mtindo wa kung fu), kata kiolezo cha kadibodi chenye mpini na bapa, ukishike, kisha ukigeuze nyuma hadi bapa lilale sambamba na kigasha, ukihakikisha kwamba ncha inaishia kabla ya kiwiko. Bapa linalopita hapo hugonga kiwiko au kunasa nguo kila unapoligeuza mkononi, na mikono yote miwili ikiwa kazini kosa hilo huongezeka maradufu. Kipimo hiki hakifai kwa visu virefu vyembamba vya kudungia, ambavyo havikukusudiwa kugeuzwa. Wala kadibodi haikuonyeshi uzito, jambo ambalo kwa maoni yangu huchosha kifundo cha mkono kuliko urefu.