Kabla hujalijaribu kufuli la nyuzi

Kufuli la nyuzi (mutex) huzizuia nyuzi, yaani mikondo ya kazi inayokwenda pamoja ndani ya programu moja, zisiguse data ile ile kwa wakati mmoja. Ukitaka kulijaribu, kwanza liondoe hilo kufuli. Ndiyo, lile lile unalotaka kulijaribu. Washa nyuzi mbili, kila mmoja uongeze moja kwenye hesabu ile ile mara 1,000,000, bila kufuli. Ukipata 2,000,000 kamili, hujawa na jaribio bado, maana nyuzi hazijagongana.

Mimi hapa Chake Chake nilidanganyika siku mbili. Nilikuwa naandika programu ya kukatia tiketi za boti ya Mkoani kwenda Unguja, kiti kimoja kisije kikauzwa kwa watu wawili. Kila jaribio likapita, sikwambii nilivyojisifu. Kumbe kompaila (programu ya kutafsiri msimbo kuwa lugha ya mashine), kwa ile -O2 niliyoiwasha ili programu iende kasi, imelifupisha zunguko zima likawa kujumlisha mara moja tu, na uzi wa kwanza unamaliza kazi wa pili hata haujaamka. Kuongeza moja ni hatua tatu, kusoma, kujumlisha na kuandika, na balaa huingia katikati yake. Basi jaribu kwa -O0, yaani kompaila isifupishe kitu, kwenye mashine yenye viini (core) zaidi ya kimoja, na zipange nyuzi kwenye kizuizi (barrier) zisubiriane, ziondoke pamoja, kama ngalawa za resi. Kuzilaza kwa sleep ili zipishane ni kubahatisha.

Halafu jua kufuli lako ni la aina gani. Kwa POSIX, kanuni za pamoja za mifumo kama Linux, uzi ukilifunga tena kufuli ulilokwisha kulishika, la kawaida huugandisha uzi, ukajisubiri wenyewe bila mwisho, la kukagua makosa hurudisha kosa EDEADLK (ungeganda), na la kujirudia huhesabu tu, ila utalifungua mara zile zile ulizolifunga. Ukilifungua la uzi mwengine, la kukagua makosa hurudisha EPERM (huna ruhusa). La kawaida halina ahadi yoyote, kwa hiyo usilitungie jaribio. Trylock, funksheni ya kujaribu kufunga bila kungoja, ikikuta limeshikwa na uzi mwengine hujibu EBUSY (lina mwenyewe). Majibu yote haya yasome kwenye kinachorudishwa na funksheni yenyewe. Ukiyatafuta kwenye errno, mahali funksheni nyingine huwekea namba ya kosa, utapotea.

Jaribio la kuganda liwekee mlinzi wa nje. Langu la kwanza niliacha linakwenda, nikatoka kuswali alasiri, nikarudi nikalikuta limetulia vile vile. Siku hizi naliendesha chini ya amri ya timeout, inayoisimamisha programu muda ukiisha, sekunde 10. Ukitumia ThreadSanitizer, chombo cha kunasa nyuzi zinazogongana kwenye data, zitakuwa chache hizo, maana huipunguza programu kasi mara 5 hadi 15. Mimi huweka 150.